Filamu ya Barafu Mbele ya Baba Mkwe

Barafu ninayoijua mimi ni ile ya mifuko midogo ya plastiki inayouzwa mtaani kwetu Naviundu wakati wa joto. Barafu ya kukanyagwa, ambayo watu wazima wanakimbia juu yake kwa viatu vyenye visu chini, sijawahi kuiona ila kwenye filamu. Ndiyo maana huniuma kwamba watu wa barafu, ambao hata hawajui kama Lubumbashi ipo duniani, walikaribia kunikosesha mume. Masikio yananiwaka ninapoandika haya.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, imetiwa sauti za Kifaransa. Ilimhusu mwanamume mmoja mkubwa, mbebaji wa makabati ya watu wanaohama nyumba, aliyechukuliwa na timu ya mpira wa magongo ya mji mdogo. Timu ya daraja la chini kabisa, paa la uwanja linavuja. Hawakumchukua kwa ufundi wake, maana hata kusimama juu ya barafu kulimshinda. Walimchukua apigane. Kule, inaonekana, kila timu huwa na mchezaji mmoja ambaye kazi yake ni ngumi: wapinzani wakimgonga mchezaji wenu mdogo mwenye akili ya mpira, yule mkubwa anatupa gongo, anavua glavu na kuwafuata. Huyu alikuwa na moyo laini. Kila mara alimwomba mtu msamaha kwanza. “Pardon, monsieur,” halafu ngumi. Tulivunjika mbavu.

Nasema tulivunjika kwa sababu tulikuwa wawili. Aliyeniletea filamu hiyo ni mchumba wangu, fundi wa simu mwenye kibanda chake hapo kwetu Naviundu, mzaliwa wa Kipushi. Aliitia kwenye simu yangu kwa mkono wake mwenyewe. Tuliitazama kibandani, vichwa vimegusana, mara ngapi sikumbuki. Sehemu aliyoipenda kuliko zote ni pale yule mkubwa anapoingia uwanjani mara ya kwanza mbele ya mji mzima. Amevaa jezi mpya. Anainua mkono kusalimia watu kama mbunge. Miguu inatangulia, mwili unabaki nyuma, na jamaa anateleza kwa makalio, mkono bado uko juu, mpaka kwenye benchi la wapinzani, ambako anawatakia jioni njema. Mchumba wangu aliijua sehemu hiyo kama sala. Aliwahi kuiigiza uani kwetu juu ya maji ya sabuni, nikamsihi aache, tumbo lilikuwa linaniuma.

Basi familia yake ikatuma neno kwamba watakuja kujionyesha kwa baba.

Lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanaona kama ni sherehe ya soda na picha. Kwetu sisi Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga, tulioletwa huku na reli na migodi enzi za mababu, ukwe ni haya. Baba mkwe humtazami usoni. Huli naye sahani moja. Hupiti mbele yake umesimama wima. Siku ya kujionyesha, wageni hawaji kutazama kama binti ni mzuri, hilo mwana wao ameshalitazama. Wanakuja kutazama kama ana haya. Binti anaingia ameinamisha kichwa, anapiga magoti mbele ya baba wa mwanamume na kubaki hivyo hivyo, hadi mzee mwenyewe anyanyuke kitini, amguse bega na kumwinua. Akishamwinua, amemkubali. Maneno mengine yote ya wasemaji ni ya kupendezesha tu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenifunda, kwa sababu mama alikuwa ametangulia mbele ya haki. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele.

“Kichwa chini, mama,” aliniambia. “Hata baseme nini, kichwa chini. Na meno yako, miye sitaki kuyaona leo.”

Yeye pia ndiye aliyeamua kuhusu sakafu. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu, na kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu isiyong'aa. Tulipaka nta nyekundu, tukasugua kwa kuteleza huku na huku juu ya vipande vya blanketi kuukuu. Ilipong'aa, shangazi alisema bado, ni wakwe hao. Tukapaka tena. Mwishowe uliweza kuiona taa ya darini chini ya miguu yako. Baba aliingia, akasimama mlangoni, akavua kofia kana kwamba yuko kanisani.

Wakaja. Mzee alikuwa mtu mpana, mfanyakazi wa mgodi aliyestaafu, amevaa suti ya kahawia na viatu vipya vya soli ya ngozi. Aliandamana na mkewe, kaka yake ambaye ndiye msemaji wao, na mchumba wangu aliyefungwa tai kama zawadi. Waliketi kwenye makochi, miguu juu ya mkeka. Mambo yalikwenda vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza wasemaji wakitupiana maneno matamu. Halafu nikaitwa.

Niliingia kichwa chini. Nikapiga magoti pale katikati, mbali kidogo na mkeka. Nilichoweza kuona ni wekundu wa sakafu na, mbele, safu ya viatu. Nikavisikia viungo vya kochi vikilia, mzee ananyanyuka. Nikaona viatu viwili vipya vinatoka mkekani. Kimoja. Cha pili. Halafu viatu vikaanza kuja vyenyewe. Vilikuja kwa kasi, vidole vimeelekea juu, vikifuatiwa na suruali ya kahawia, na vikaja kusimama kwenye magoti yangu. Nikasahau mafundisho yote, nikainua kichwa. Baba mkwe wangu alikuwa ameketi chini mbele yangu, na mkono wake wa kulia, ule wa kunigusa bega, ulikuwa bado uko juu.

Nilicheka. Nisiseme nilitabasamu au nilikohoa. Nilicheka kile kicheko cha kibandani, mdomo wazi, mpaka nikajishika mbavu. Nilipojaribu kukizuia kilitoka puani, ikawa aibu juu ya aibu. Nilimtafuta mchumba wangu kwa macho, labda aniokoe, labda aseme lolote. Alikuwa ameuma midomo, anaikagua dari.

Walimwinua mzee. Alikuwa ameumia nyonga. Hakusema neno, na kimya chake ndicho kilichonikata kicheko kama kisu. Kaka yake ndiye aliyesema, akiwa tayari mlangoni.

“Tulikuya kutafuta mutoto, tumekuta bantu ba kutucheka.”

Hawakula. Kuku, samaki, bukari, yaani ugali, chini ya vitambaa, soda za baridi, vyote vilibaki mezani vikitutazama. Baba aliketi mbele ya chakula kile hadi kikapoa, ndipo akaniambia, bila kupandisha sauti, “Ulinivua nguo mbele ya bantu.” Nilitamani anipige. Nilijifungia chumbani, na kila nilipokumbuka mkono ule juu hewani nilihisi tena kicheko kikipanda, nikajiuma mkono kwa hasira. Mtu gani mimi? Hata majuto yangu yalikuwa yanachekesha.

Naviundu haina siri. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika na kuanza upya nilipoondoka. Mmoja aliniuliza kwa upole kama ni kweli nilimsukuma. Kwa muda mrefu sikwenda kibandani kwa mchumba wangu, naye hakuja kwetu. Tuliongea kwa simu tu, akinong'ona. Alisema baba yake hataki kusikia habari za ndoa, kwamba mama yake analia, kwamba kuna binti wa Sakania ambaye shangazi zake wameanza kumtaja. Nilimpenda mtu yule. Naona haya kuliandika hilo wazi kuliko hata lile la kucheka, lakini ndiyo kweli, nilimpenda mpaka nilikuwa nashindwa kumeza chakula.

Hatimaye likaja neno kutoka Kipushi: binti aje ajieleze. Usiku uliotangulia, mchumba wangu alinipigia.

“Sema tu ilikuwa woga,” alisema. “Kama bakikaza, sema filme. Lakini usinitaje. Papa akijua njo miye nilikupatiaka, itakuwa mubaya sana kwangu. Weye uko mwanamuke, batakusamehe.”

Nilimwambia sawa. Sikuona ubaya wowote wakati ule. Nilifikiri ndivyo watu wanaopendana wanavyosaidiana.

Tulikwenda Kipushi mimi na shangazi, tukiwa na kuku mweupe na kitenge kipya cha mama mkwe. Sebuleni kwao waliketi mzee, amewekewa mto chini ya nyonga, mkewe, kaka yake, na mchumba wangu kwenye kiti cha mwisho karibu na televisheni. Tuliketi chini. Shangazi alipiga makofi taratibu, akaomba msamaha kwa maneno marefu ya kizamani ambayo sijawahi kuyasikia tena. Mzee alingoja amalize.

“Mutoto, miye sina hasira,” alisema. “Nataka kujua tu. Ulicheka nini?”

“Papa, ilikuwa woga,” shangazi aliwahi. “Mutoto alishikwa na woga.”

“Mama, miye nilitumika chini ya udongo. Bantu ba woga nilibaona. Habacheke vile.”

Hapo nikajua kwamba uongo hautanivusha. Nilisema nikitazama mkeka. “Ni filme, papa. Kuko muntu mu filme, anaanguka vile... vile mulianguka.”

“Filme gani?”

“Ya kucheza mupira ya fimbo juu ya glace.”

“Uliipata wapi?”

“Inapitaka tu mu matelefone, papa.”

Nilisikia kiti cha mwisho kikipumua. Nilidhani mzee atatufukuza, na kusema kweli ningeshukuru. Badala yake aliuliza kama filamu ninayo. Nikasema iko kwenye simu yangu.

“Tuione,” akasema.

Shangazi aliniangalia kana kwamba nimemleta machinjioni. Mchumba wangu aliagizwa kuunganisha simu na televisheni, akaunganisha bila kunitazama. Na hivyo ndivyo nilivyokuja kutazama filamu ya kuchekesha pamoja na wakwe zangu, watu wazima wanne wameketi wima kama kwenye misa ya wafu, wakimtafuta aliyenichekesha.

Hujui kuona haya mpaka utazame kichekesho na watu wasiocheka. Maneno yote machafu ambayo kibandani sikuyasikia, sasa niliyasikia moja moja. Kuna sehemu timu nzima iko chumba cha kubadilishia nguo, makalio wazi. Niliisahau kabisa sehemu hiyo. Shangazi alijifunika kitenge usoni, na mama mkwe akaanza kukagua kucha zake. Kaka wa mzee aliuliza kama barafu yote ile waliileta na kamyo.

Mzee peke yake ndiye aliyekuwa anatazama kwa makini, kama mtu anayekagua mashine. “Sababu ya nini anaomba pardon mbele ya kupiga?” aliuliza.

“Iko na roho muzuri, papa.”

“Na kazi yake njo nini kabisa? Haweze hata kutembea.”

“Kazi yake kusimama mbele ya mwenzake, papa,” nilisema. “Bakipiga mwenzake, yee anaingia.”

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kuonyesha ameelewa.

Ikafika sehemu ile. Yule mkubwa yuko mlangoni mwa uwanja na jezi yake mpya, watu wanampigia makofi, bado hajakanyaga barafu. Nikafumba macho. Na katika ukimya ule wa sebule nikasikia, upande wa kiti cha mwisho, puu, pumzi ya puani ya mtu aliyebana kicheko. Ndipo zikaja kelele za uwanja, na mtu wa filamu akaanguka. Nilifumbua macho. Kila mmoja alikuwa anatazama televisheni. Nilijiambia kwamba nimesikia mimi tu.

Tuliitazama yote. Mwishoni yule mkubwa anapigwa mpaka meno yanatoka, kwa sababu hataki kuondoka mbele ya yule mdogo mwenye ufundi, na timu inambeba juu. Kibandani nilikuwa nacheka hata hapo. Siku ile sikuweza. Mchumba wangu alizima televisheni, akarudi kitini.

“Na weye,” baba yake alimwambia, “ulishaiona iyi filme?”

“Hapana, papa. Njo mara ya kwanza.”

Alilisema bila shida yoyote, kwa sauti yake ya kila siku, ile anayowaambia wateja kwamba simu itakuwa tayari kesho. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka na kuku wangu mweupe, nimebeba kicheko cha watu wawili. Nilikaa kimya kama nilivyomwahidi.

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda.

“Ulicheka, muntu hayaanguka bado,” alisema.

Kisha mzee alijikongoja kutoka kitini, akakataa mkono wa kaka yake, akaja kusimama mbele ya shangazi yangu. Aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu na kupiga makofi polepole, kama anayemsalimia mfalme.

“Mama, mutoto wenu alicheka mukubwa. Ile iko kosa, na amekuya kuibeba. Wetu iko hapa, kosa ya kwake ameiweka ku kichwa ya mwanamuke. Mutusamehe.”

“Hapana, papa, hapana,” shangazi alilia, akijaribu kumshika mikono asiendelee. Baba mkwe anawaomba msamaha watu wa upande wa mwanamke, tena mbele ya binti! Nilitamani ardhi ipasuke. Ningekubali kumchekesha mji mzima wa Kipushi kila siku ya maisha yangu, ili mzee yule asimame wima tena. Alipomaliza kwa shangazi alinigeukia mimi, akanigusa bega, akaniinua. Nililia. Waliokuwepo walidhani nalia kwa furaha kwamba nimekubaliwa.

Tulioana baada ya Pasaka. Mume wangu ni mtu mwema, halewi, hapigi, nyumba haijawahi kulala njaa, na nikisema nina lalamiko watu wataniona mwenda wazimu. Baba mkwe ananipenda kuliko binti zake, ananitumia mahindi mabichi kila msimu. Lakini siku ile, kati ya lile “hapana, papa” la mume wangu na maneno ya baba yake, kulikuwa na kimya kirefu, na katika kimya hicho nilimngoja aseme ni yeye aliyeniletea filamu. Hatujawahi kulizungumza. Bado namngoja.